Samaki Naye Aulizwe: Wito kwa Wanunuzi wa Burma

Hakuna mtu wa Eastlands anayenunua nyama katika soko la Burma, Nairobi, akiwa amefumba macho. Mama anayetafuta kilo mbili za mbavu hupita buchari tatu nne kabla ya kufungua mkoba. Anatazama muhuri wa mkaguzi uliopigwa kwenye paja. Anatazama rangi ya mafuta. Anauliza kama huyo anayening'inia ni mbuzi kweli au ni kondoo aliyekatwa mkia ili asitambulike, ndiyo maana wauzaji wenye akili humwachia mbuzi mkia wake uonekane na dunia nzima.

"Ni ya leo hii, kijana?"

"Imeshuka alfajiri, mama. Shika mwenyewe."

Na mama anashika, anabonyeza, ananusa, anaghairi, anarudi. Muuzaji haudhiki. Amezoea, na akija kastoma asiyeuliza kitu, yeye ndiye anayemshangaza.

Sasa mfuate mama huyohuyo anapofika kwa samaki wa bahari. Swali analo moja tu, la bei. Jina la samaki halijui, ametoka maji gani hajui, amevuliwa kwa mshipi au kwa juya hajui, na kama ni mtoto au ni mzima hawezi kusema. Akiambiwa huyu ni changu, basi ni changu. Akiambiwa ametoka Mombasa, basi inatosha, kana kwamba samaki huzaliwa kwenye kituo cha basi.

Ndugu zangu wa Shauri Moyo, Kaloleni, Makongeni, Mbotela, Maringo, Bahati na Jericho, pamoja nanyi nyote mnaoshukia Jogoo Road jioni mkiwa na mfuko wa nailoni na hamu ya kitoweo: ninawaomba ule ukali mnaoufanyia nyama muufanyie na samaki. Nitaeleza kwa nini, na kwa kueleza itabidi niwapeleke mbali kidogo, mpaka kisiwa cha Pate.

Pate ni kisiwa kikubwa kuliko vyote katika funguvisiwa la Lamu. Hakifikiwi kwa lami. Ukitoka Nairobi unalala ndani ya basi, unapita Garsen na Witu hadi Mokowe, kisha unaingia boti. Njia ya boti kati ya Manda na bara inaitwa Mkanda, na maji yakitoka huwa nyembamba na yenye kina kifupi, kwa hiyo safari hupangwa kwa maji. Abiria haulizi saa ngapi tunaondoka. Huuliza maji yanajaa saa ngapi. Watu wa huko wana miji ya zamani, Pate, Siyu na Faza, na wana Kizingitini, ambako karibu kila nyumba inaishi kwa bahari kwa namna fulani. Shanga, mji uliokufa kusini mwa kisiwa, ulichimbwa na wanaakiolojia miaka ya 1980, wakagundua kwamba watu waliishi hapo tangu karne ya nane, na kwenye jalala zao mifupa ya samaki na kasa. Yaani kisiwa hiki kimekuwa kikila kutoka bahari ileile kwa zaidi ya miaka elfu moja, na bahari haikuisha. Hilo likae akilini.

Mwaka wa kisiwani una pepo mbili. Kaskazi huvuma kuanzia mwishoni mwa mwaka hadi Machi hivi, bahari inalala, mashua zinatoka nje ya mwamba na kurudi na nguru, jodari na kolekole. Kusi ikishika, kuanzia Aprili au Mei, mawimbi husimama na wavuvi wengi hubaki ndani, kwenye mikoko na mwamba wa karibu. Ndipo mwamba wa karibu unapobeba mzigo wote. Ukimkuta samaki wa mwambani sokoni Nairobi mwezi wa Julai, jua kwamba ametoka mahali ambapo kila mtu anavua kwa sababu hapana kwingine pa kwenda.

Juu ya pepo kuna mwezi. Siku za bamvua, maji yanapotoka sana, mwamba hubaki wazi na wanawake hushuka kwa miguu kutafuta pweza. Kazi hii ina elimu yake. Tundu la pweza halina alama kubwa. Kuna vigamba vya kaa alivyokula, vimetupwa mlangoni, na kuna jiwe moja au mawili ambayo hayakukaa kama maji yalivyoyaweka. Mwanamke mwenye jicho huona. Asiye na jicho hupita juu ya chakula chake na kurudi nyumbani na kikapu kitupu. Mvuvi ndiye ajuaye pweza alipo, walisema wazee, na kwa Pate mvuvi huyo mara nyingi amevaa leso.

Pweza ni mnyama wa ajabu kwa hesabu za soko. Haishi sana, mwaka mmoja au miwili tu, lakini hukua kwa kasi mno, kiasi kwamba mdogo wa leo akiachwa miezi mitatu minne uzito wake huwa umeongezeka mara kadhaa. Jike hutaga mara moja maishani. Akishataga hukaa tunduni akilinda mayai bila kula, na yakianguliwa naye hufa. Kwa hiyo ukimtoa jike kabla ya siku hiyo umetoa kizazi kizima kwa bei ya sahani moja. Kijiji cha Andavadoaka huko Madagascar kilijaribu mwaka 2004 jambo rahisi: kufunga sehemu ya mwamba kwa miezi michache, asiguse mtu. Walipoufungua walikuta pweza wakubwa. Habari zikasambaa Bahari ya Hindi yote, zikafika Pemba, zikafika na Pate, ambako wanawake wa pweza ni miongoni mwa walioukubali utaratibu huo na kuusimamia. Kufunga mwamba si jambo dogo kwa mtu anayekula leo anachokipata leo. Anayefunga anajinyima kwa matumaini kwamba siku ya kufungua atapata bei ya mkubwa. Mnunuzi wa Nairobi asiyejali kama pweza ni wa robo kilo au wa kilo tatu anayaua matumaini hayo bila kujua, kwa sababu anamfanya mwenye haraka na mwenye subira walipwe sawasawa.

Kamba mawe ana kisa chake. Wazamiaji wa Kibajuni, watu wa visiwa hivi, wana mbinu ya zamani ambayo sijaona nzuri kuizidi: mtu anazama na pweza aliyefungwa kwenye kijiti, anamsogeza kwenye pango la kamba. Kamba humwogopa pweza, kwani ndiye adui yake. Anatoka mbio upande wa pili, na mkono au kimia kinamngoja. Hakuna jiwe lililovunjwa, hakuna bunduki ya kuchomea, na kamba anapanda juu akiwa hai na mzima. Akiwa jike mwenye mayai tumboni, mzamiaji anamwona kwa macho yake na anaweza kumrudisha palepale. Mshale wa bunduki hauna nafasi ya kufikiri. Kenya ilipiga marufuku bunduki za samaki na majuya ya kukokota ufuoni tangu 2001, lakini marufuku ya karatasi hushindwa na mnunuzi asiyeuliza.

Nimesikia watu wakisema, haya ni ya watu wa pwani, sisi yanatuhusu nini? Swali hilo linanishangaza zaidi likitoka Kaloleni, maana wengi wetu huku tuna asili ya kando ya Ziwa Victoria, na ziwani tumeyaona kwa macho. Mbuta aliletwa ziwani miaka ya 1950. Kufikia miaka ya 1980 alikuwa ametawala, na mamia ya aina za fulu, wale samaki wadogo wa rangi ambao bibi zetu waliwakausha, walikuwa wametoweka au kubaki wachache. Halafu vikaja viwanda vya minofu. Mnofu ulipanda ndege kwenda Ulaya, na sisi tukauziwa mifupa, kichwa na uti wa mgongo, tukaipa jina la mzaha, mgongo wazi. Tulicheka, tukakaanga, tukala. Sitaki watoto wa Kizingitini nao waje wapewe jina la mzaha la mabaki ya kamba wao. Tayari kamba mzuri hulala Pate usiku mmoja tu. Kesho yake ameshapita mikononi mwa tajiri mwenye mashua na friza, anakwenda hotelini au ng'ambo, na aliyezama ana deni la mafuta ya boti.

Na tusisahau kwamba watu wa visiwa hivi wamebanwa na mengine. Gati la kwanza la bandari ya Lamu lilifunguliwa Mei 2021. Ili kina kipatikane, sakafu ya bahari ilichimbwa na sehemu za kuvulia zikafungwa. Mwaka 2018 Mahakama Kuu iliamua wavuvi wapatao 4,600 walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76. Kabla ya hapo, kwa sababu za usalama, serikali iliwazuia kuvua usiku kwa miaka kadhaa kuanzia 2011, na kuna samaki ambao bila usiku hawapatikani. Jamii inayobanwa hivyo inastahili walau mteja mwenye adabu.

Sasa nirudi kwenye meza ya muuzaji, kwa maana wito usiofika kwenye meza ni hotuba.

Jina kwanza. Usikubali kuuziwa "samaki wa bahari" kama usivyokubali kuuziwa "nyama ya mnyama." Mwamba wa pwani yetu unasimama kwa kazi za samaki fulani ambao hatuwajui kwa majina. Pono, yule wa rangi ya kijani na buluu mwenye mdomo kama kasuku, kazi yake ni kukwangua mwani juu ya matumbawe; jiwe analolimeza hulitoa likiwa mchanga, na sehemu ya ule mchanga mweupe tunaopigia picha pwani umepita tumboni mwake. Kikande ni samaki bapa mwenye ngozi ngumu, mwiba mgongoni na meno ya kupasua. Anakula wanyama wa baharini wenye miiba mirefu, urchini. Watafiti wamefuatilia jambo hili kwenye pwani ya Kenya kwa miaka mingi wakilinganisha sehemu zinazovuliwa na hifadhi za Malindi na Watamu, zilizoanzishwa 1968: kikande wakiisha, urchini huzaana kupita kiasi na kuutafuna mwamba. Mwamba ukishatafunwa hauna pango la kamba, hauna tundu la pweza. Baada ya joto la bahari la 1998 kuua sehemu kubwa ya matumbawe kwenye pwani hii, mwamba unahitaji kila msaidizi uliobakiza. Kwa hiyo ukiwekewa pono au kikande, mwache. Hana hata ladha ya kumshinda changu, na katika hili sitaki ubishi.

Baada ya jina, ukubwa. Swali lenyewe ni fupi: huyu akikomaa anafika wapi? Dagaa na simsim ni wadogo kwa maumbile yao, unaweza kuwala bila wasiwasi. Lakini chewa wa kiganja ni mtoto, na changu wa vidole vitatu ni mtoto. Wavuvi wengine wa pwani wameanza kuacha mwanya mwembamba kwenye malema, ile mitego ya kusukwa, ili watoto na samaki wembamba wapenye na kutoka. Mvuvi aliyekubali kupoteza samaki wadogo kwa hiari yake anamhitaji mnunuzi anayewakataa wadogo kwa hiari yake, la sivyo jirani mwenye lema lisilo na mwanya atamcheka.

Kisha barafu. Hapa ninyi wa Burma hamna haja ya mwalimu, pua zenu zimesoma. Jicho liwe limetuna na kung'aa, shavu likifunuliwa liwe jekundu, nyama ikibonyezwa irudi. Samaki wa Pate amesafiri boti na lori kabla ya kufika mjini, na pale mnyororo wa barafu unapokatika hasara humrudia yule wa mwisho, yaani mvuvi, anayeambiwa mzigo uliharibika njiani. Ukikataa samaki aliyelegea, unamlazimisha msafirishaji anunue barafu ya kutosha. Ukimkubali kwa kupunguziwa hamsini, umemlipia uzembe wake.

Kwa kasa sina ombi. Nasema usiguse. Kenya ina aina tano za kasa wa baharini, na Sheria ya Wanyamapori ya 2013 inawalinda wote. Ng'amba na kasa wa kijani hupanda kutaga kwenye fuo za Lamu hadi Kiunga, ambako hifadhi ya bahari iliwekwa 1979. Najua kwamba nyama yake ilikuwa chakula cha heshima visiwani. Wabajuni walikuwa na ustadi wa kumvua kwa chazo, samaki anayenata, aliyefungwa uzi mkiani na kutumwa akanate kwenye gamba la kasa. Ustadi ule ni wa kuhifadhiwa kwenye kumbukumbu. Sokoni mambo yamebadilika, na hata ukiiweka sheria kando, nyama hiyo wakati mwingine huwa na sumu isiyotoka kwa kupikwa. Novemba 2021 watu saba walikufa Pemba baada ya kuila. Machi 2024, Kisiwa Panza, hukohuko Pemba, walikufa tisa, wanane kati yao watoto. Mtu akikupitishia "mafuta ya kasa" kama dawa ya kifua, mahali popote hapa mjini, mkatae na uwaarifu maafisa wa wanyamapori wa KWS.

Kwa wauzaji wetu nina neno pia. Andikeni. Ubao mdogo na chaki: jina la samaki, alikotoka, siku aliyofika. Mbuzi mnamwachia mkia ili aaminike. Samaki mwachieni jina lake. Kamati ya soko na maafisa wanaokagua nyama wangeweza kuongeza hatua chache hadi kwenye meza za samaki, na mwakilishi wa wadi akipita kuomba kura aulizwe juu ya maji safi, mtaro na barafu kabla ya kuulizwa juu ya fulana. Mama karanga wa mitaani, ninyi mnaokaanga kwenye karai kando ya barabara, mna nguvu kuliko mnavyodhani. Wenzenu wa pwani wanaoitwa jina hilohilo ndio hununua samaki wengi wa kawaida ufuoni. Mkisema hamchukui wadogo, habari hufika kwa dereva wa lori, na kwa dereva hufika kwa wakala wa Mokowe.

Wazee husema soko hili lilipata jina kutokana na askari wa King's African Rifles (KAR) waliokwenda kupigana Burma na kurejea vita vilipokwisha 1945. Walivuka Bahari ya Hindi kwenda na kurudi, na walioondokea Mombasa waliyaacha nyuma maji haya tunayoyazungumzia. Sijui kama kuna mmoja aliyewahi kula kamba mawe. Wajukuu wao leo wanaweza kuinunua bahari hiyo kwa kilo, na aliye na uwezo wa kununua ana wajibu wa kuuliza.

Kama una nafasi, kipande cha mwisho cha wito wangu ni hiki: nenda ukaione. Si lazima uwe mtalii wa kofia. Nauli ya basi hadi Mokowe si ya ndoto kwa mtu anayekwenda nyumbani magharibi kila Krismasi. Lamu mjini utakuta punda na vichochoro vya mji mkongwe, ambao UNESCO iliuorodhesha 2001. Lakini usiishie hapo, panda boti ya abiria ya kwenda Pate, ukae kwenye ubao pamoja na magunia ya unga na kuku, ule wali wa nazi na samaki wa kupaka kwenye nyumba ya wenyeji na ulipe bila kuombwa. Muulize mwenyeji wako bamvua ni lini. Ukienda mwambani, kanyaga mchanga na si matumbawe, na usirudi na kombe hai mfukoni.

Asiyeweza kwenda ana kazi ileile hapahapa. Kaskazi ikianza, samaki wa maji makuu watakuwa wengi na mwamba wa karibu utapumua. Huo ndio wakati mzuri wa kununua jodari, kolekole au nguru. Muulize muuzaji jina, ukubwa na alikotoka. Akijibu, nunua na umlipe bei yake. Akishindwa kujibu, mwambie utarudi wiki ijayo, aulize kwa aliyemletea, na kweli urudi.